Gideoni Penye Maji ya Harodi

Mvua za masika zikiisha, na maji ya Mto Kilombero yakirudi nyuma na kuiacha mbuga ikauke, watu wa Ifakara hushika miundu na kwenda kuvuna mpunga. Mpunga ukiisha kukatwa hupurwa mahali peupe penye upepo, ili makapi yapeperuke na punje zibaki. Hakuna mtu apuraye mpunga shimoni. Akionekana mtu anayefanya hivyo, majirani watasema ama ana wazimu, ama ana hofu kubwa.

Katika nchi ya Israeli, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, palikuwa na mtu aliyepura ngano shimoni. Jina lake Gideoni, mwana wa Yoashi, wa kabila la Manase, na kijiji chake kiliitwa Ofra. Shimo hilo lilikuwa shinikizo, yaani mahali palipochongwa katika mwamba ili watu wakanyagie zabibu na kupata divai. Gideoni hakuwa na wazimu. Aliogopa Wamidiani wasije wakaiona ngano yake na kuichukua. Habari zake zimeandikwa katika Kitabu cha Waamuzi, tangu sura ya 6 hata ya 8.

Wamidiani walikuwa watu wa jangwani, upande wa mashariki wa Mto Yordani. Walikuwa na ngamia wengi mno, na ngamia, kama ijulikanavyo, huweza kwenda siku nyingi bila kunywa maji. Kwa hiyo adui hawa waliweza kutokea mbali sana, wakashambulia na kupora, wakarudi kwao kabla watu hawajakusanyika kuwapinga. Walingoja Waisraeli walime na kupanda, na mazao yakiisha kusitawi, ndipo walipokuja pamoja na Waamaleki, na hema zao na mifugo yao, wengi kama nzige. Hawakuacha kondoo, wala ng'ombe, wala punda. Mambo hayo yaliendelea miaka saba. Waisraeli wakakimbilia milimani, wakajitengenezea maficho katika mapango.

Watoto wa bonde la Kilombero hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Katika karne ya 19 Wandamba, ambao ni wavuvi na wakulima wa mpunga, walishambuliwa mara nyingi na watu wa vita waliokuwa na nguvu kuliko wao. Wao hawakuwa na mapango, lakini walikuwa na mto. Waliingia katika mitumbwi yao, wakajificha katika visiwa na matete ya mbugani, mahali ambapo mtu asiyeijua mito midogo hupotea. Mwenye kulala matetini kati ya mbu na viboko, huku akijua ya kuwa chakula chake kinaliwa na mwingine, angemwelewa Gideoni mara moja.

Basi Gideoni alipokuwa akipura, malaika wa Bwana alikuja akaketi chini ya mti, akamwamkia kwa jina la shujaa, mtu hodari, ambaye Mungu yu pamoja naye. Fikiri maneno hayo yalivyosikika katika masikio ya mtu aliyejificha shimoni! Gideoni hakufurahi. Alijibu kwa uchungu, akauliza: ikiwa Mungu yu pamoja nao, mbona wamepatwa na mabaya haya yote? Na yale matendo makuu ambayo baba zao waliwasimulia, ya kutoka Misri, yako wapi?

Swali hilo ni la haki, na waliolia katika taabu wameliuliza katika kila nchi. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba malaika hakulijibu. Hakueleza sababu, wala hakumkaripia Gideoni kwa kuuliza. Alimwambia tu aende kwa nguvu hizo alizo nazo akawaokoe ndugu zake. Gideoni akasema kwamba ukoo wake ni dhaifu katika Manase, na yeye ni mdogo katika nyumba ya baba yake. Akaahidiwa kwamba hatakwenda peke yake. Hapo aliomba ishara, akapewa: nyama na mikate aliyoiweka juu ya mwamba iliteketezwa kwa moto uliotoka mwambani.

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya kwanza ya Gideoni ilikuwa vita. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nyumbani kwao. Baba yake Yoashi alikuwa na madhabahu ya Baali, mungu wa Wakanaani, na watu wa kijiji walisali hapo, kwa maana walimtegemea Baali awape mvua na mavuno. Gideoni aliamriwa aibomoe. Akachukua watumishi kumi, akaibomoa. Lakini aliibomoa usiku, kwa sababu aliwaogopa jamaa zake na watu wa mji. Maandiko hayakuficha jambo hilo. Asubuhi watu walipoona madhabahu imevunjwa, walimtaka Yoashi amtoe mwanawe auawe. Ndipo huyo mzee, ambaye madhabahu ilikuwa yake, alipofanya jambo lisilotazamiwa: alisimama mbele ya watu wenye hasira akasema ya kwamba, kama Baali ni mungu kweli, hana haja ya kutetewa na watu, na ajitetee mwenyewe. Watu wakanyamaza. Tangu siku hiyo Gideoni aliitwa pia Yerubaali.

Kumkabili adui wa mbali ni jambo gumu. Kuwakabili baba, wajomba na majirani ni gumu zaidi, maana adui ukimshinda atakwenda zake, lakini jirani utakutana naye kesho kisimani.

Wakati wa mavuno ukafika, nao Wamidiani wakavuka Yordani, wakapiga hema katika bonde la Yezreeli, ambalo ni bonde la rutuba nyingi kati ya milima, kama lilivyo bonde la Kilombero kati ya milima ya Udzungwa na nchi ya juu ya Mahenge. Gideoni akapiga baragumu. Watu wa Manase, Asheri, Zabuloni na Naftali wakamfuata. Hata hapo moyo wake haukutulia. Aliweka ngozi ya kondoo uwanjani usiku, akaomba umande uwe juu ya ngozi peke yake, na nchi iwe kavu. Ikawa hivyo, asubuhi aliikamua ngozi akajaza bakuli la maji. Usiku wa pili akaomba kinyume chake, ngozi iwe kavu na nchi iwe na umande. Ikawa hivyo tena. Wako wanaomsifu kwa ngozi hiyo kana kwamba ni mfano wa kuigwa, lakini yeye mwenyewe aliomba kwa hofu na kutaka radhi, kama mtoto aulizaye mara ya tatu jambo alilokwisha jibiwa.

Sasa jeshi lake lilikuwa watu 32,000, nalo lilipiga kambi penye chemchemi ya Harodi. Kambi ya adui ilikuwa upande wa kaskazini, bondeni, na hesabu ya wenye kushika upanga ilikuwa 135,000. Kila mtu wa Gideoni alikuwa na adui zaidi ya wanne. Jemadari yeyote angetuma wajumbe kuomba watu wengine. Mungu alimwambia Gideoni kwamba watu alio nao ni wengi kupita kiasi. Wakishinda watajisifu ya kuwa mikono yao wenyewe imewaokoa. Akaamriwa kutangaza ya kwamba kila mwenye hofu na arudi kwake. Watu 22,000 wakarudi. Inawezekana kabisa kwamba Gideoni, akiwatazama wanavyoondoka, alitamani tangazo hilo limhusu na yeye.

Wakabaki 10,000, nao pia wakaambiwa ni wengi. Wakapelekwa majini wanywe. Wengi walipiga magoti wakanywa. Lakini watu 300 waliyachota maji kwa mikono yao, wakayaramba kwa ulimi. Hao 300 ndio waliochaguliwa, wengine wote wakaambiwa waende mahemani mwao. Walimu wengi hueleza ya kuwa hao 300 walikuwa askari wa kukesha, ambao hata wakati wa kunywa macho yao yalimtazama adui. Huenda ni kweli, walakini Maandiko hayasemi hivyo. Yanayosema wazi ni sababu ya kupunguzwa kwao: kwamba mtu asije akafikiri wingi ndio uliomwokoa. Sasa kila mtu wa Gideoni alikuwa na adui 450.

Usiku ule Gideoni aliambiwa ya kuwa, akiogopa kushambulia, kwanza ateremke kambini mwa adui pamoja na mtumishi wake. Naye aliteremka, na kwa hiyo tunajua aliogopa. Mtumishi huyo aliitwa Pura, jina ambalo watoto wanaopura mpunga kila mwaka hawatalisahau. Wawili hao wakatambaa gizani mpaka ukingoni mwa kambi, wakamsikia askari wa Midiani akimsimulia mwenzake ndoto: mkate wa shayiri ulibingirika kambini ukaigonga hema, hema ikapinduka. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini. Mwenzake akamjibu ya kuwa huo mkate si kitu kingine ila Gideoni. Kumbe katika kambi ile kubwa, yenye ngamia wasiohesabika, watu walikuwa wakilala na kuota kwa hofu! Gideoni akainama akamsujudia Mungu, akarudi mbio kwa watu wake.

Akawagawa vikosi vitatu, mia mia. Kila mtu akapewa baragumu, na mtungi mtupu, na mwenge ndani ya mtungi. Kazi ya mtungi ilikuwa kuuficha mwanga mpaka saa iliyowekwa. Waisraeli waligawa usiku katika zamu tatu, na Gideoni alifika mwanzo wa zamu ya kati, yapata saa nne usiku, walinzi wapya walipokuwa ndiyo kwanza wamesimama na macho yao hayajazoea giza. Vikosi vitatu vikaizunguka kambi. Mara baragumu zikalia pande tatu, mitungi 300 ikavunjwa pamoja, mienge ikawaka, na sauti zikapazwa kwa jina la Bwana na la Gideoni. Kwa desturi ya vita, baragumu moja lilikuwa la kikosi kizima. Aliyesikia mabaragumu 300 alidhani ni vikosi 300. Watu 300 wakasimama kila mtu mahali pake. Ndani ya kambi ngamia na watu walikanyagana, na kila mtu aliona katika giza adui, akampiga mwenzake kwa upanga. Waliobaki wakakimbia kuelekea Yordani.

Gideoni alituma wajumbe upesi kwa watu wa Efraimu wavishike vivuko vya Yordani. Maana ya jambo hili huonekana vizuri Ifakara. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2018, mtu aliyetaka kwenda Mahenge alikuwa hana budi kupita kivukoni, na aliyekishika kivuko aliishika njia. Efraimu walivishika vivuko, wakuu wawili wa Midiani, Orebu na Zeebu, wakakamatwa na kuuawa, na Wamidiani hawakurudi tena kuvuna wasichopanda.

Watu wa bonde la Kilombero wasomapo habari za chemchemi ya Harodi hukumbuka maji mengine. Katika utawala wa Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, watu wa kusini walitozwa kodi, wakalimishwa pamba kwa nguvu, na viboko vikawa jambo la kila siku. Hapo alitokea Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, akawapa watu dawa ya maji, akasema aliyeipokea risasi za adui zitamgeukia kuwa maji. Vita vikaanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mapema mwezi wa Agosti, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kwenda mbali, yakipelekwa na wajumbe walioitwa hongo, mpaka Upogoro na Ifakara. Makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja, na mengine yaliyokuwa yakipigana zamani, yakawa kitu kimoja.

Mwezi huo wa Agosti Wambunga walikishinda kikosi kidogo cha askari kilichokuwa Ifakara. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga, maelfu kwa maelfu, waliishambulia boma ya Mahenge, ambako Kapiteni von Hassel alikuwa na askari wake na bunduki mbili za bombomu, zile ambazo siku hizi huitwa rashasha. Walikwenda mchana, mahali peupe, wakitazama mbele. Waliotangulia wakaanguka, na waliofuata wakasonga mbele juu yao. Maji hayakuzuia risasi. Waliobaki waliizunguka boma kwa majuma kadhaa, hata Kapiteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi wa Septemba akawatawanya. Baada ya hapo Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Katika nchi zote za vita hivyo Wajerumani wenyewe walikisia waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekisia hata 250,000 na zaidi.

Wengine huwacheka watu hao, wakisema walikuwa wajinga. Mwenye kucheka asome tena habari za Gideoni, mtu wa shimoni, mtu wa usiku, mtu wa ngozi ya kondoo. Kwa ushujaa wa mwili, waliokwenda Mahenge mchana ule walimpita. Tena waliudhiwa kama yeye: jasho lao lilikuwa likiliwa na mwingine. Wala mtu asiseme ya kuwa Mungu alikuwa upande wa bombomu kwa sababu bombomu zilishinda. Wamidiani nao walishinda miaka saba.

Tofauti iko katika yale maji. Penye Harodi maji hayakumkinga mtu. Watu walifika majini wakiwa 10,000, wakaondoka 300. Hawakuahidiwa kwamba upanga hautawakata. Waliambiwa ni nani aliye pamoja nao, kisha wakatumia giza, na mitungi, na zamu za walinzi, na vivuko, yaani kila kitu ambacho watu wachache wanaweza kukitumia mbele ya wengi. Maji ya 1905 yaliwafanya watu wauone ukuta na bombomu kana kwamba si kitu. Mtu aliyefundishwa ya kwamba risasi ni maji hana sababu ya kungoja usiku.

Wala Waisraeli hawakuepuka kosa la namna hiyo. Wakati wa kuhani Eli walishindwa na Wafilisti, wakafa watu wapatao 4,000. Basi wakalileta Sanduku la Agano kambini, si kwa kutubu wala kwa kuomba shauri, ila kwa kudhani kwamba Sanduku lenyewe litawaokoa. Walipiga kelele za furaha hata nchi ikavuma. Siku hiyo walianguka watu 30,000, na Sanduku likatekwa. Habari hizi zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4. Sanduku lilikuwa takatifu kweli, tena lilitengenezwa kwa amri ya Mungu, lakini halikukubali kuwa hirizi.

Na Gideoni je? Baada ya vita watu walimtaka awe mtawala wao, yeye na mwanawe na mjukuu wake. Alikataa, akasema mtawala wao ni Bwana. Laiti angalinyamaza hapo! Aliomba kila mtu ampe pete ya dhahabu katika nyara zake. Wakatandaza vazi, wakatupa pete juu yake, uzani wake ukawa shekeli 1,700, kadiri ya kilo 19. Kwa dhahabu hiyo alitengeneza naivera, vazi la kuhani la kuulizia shauri la Mungu, akaiweka Ofra. Watu wakaanza kuifuata, wakaiabudu, ikawa mtego kwake na kwa nyumba yake. Nchi ilistarehe miaka 40. Gideoni akafa akiwa mzee, akazikwa katika kaburi la Yoashi baba yake, katika mji ule ule ambao usiku mmoja aliibomoa madhabahu, na ambao sasa ulikuwa na kitu kingine cha kuabudiwa, kilichotengenezwa na mikono yake.

Maswali

1. Gideoni aliogopa mara ngapi katika habari hizi? Taja kila mahali.
2. Kwa nini Yoashi alimtetea mwanawe, hali madhabahu iliyovunjwa ilikuwa yake mwenyewe?
3. Gideoni aliuliza kwa nini Waisraeli wamepatwa na mabaya. Aliambiwa nini badala ya jibu?
4. Watu 300 walitumia vitu gani, na kila kitu kilikuwa na kazi gani?
5. Maji ya Harodi na maji ya 1905 yalikuwa na tofauti gani? Waulize wazee wa nyumbani kwenu walisikia nini kwa babu zao kuhusu vita vya Mahenge, uandike majibu yao katika daftari.